Forex kwenye kuta za kituo cha anga: inapofaa na inapokuangusha

Ukiingia kwa fundi mabango ukaomba forex, atakutolea bodi nyeupe ya plastiki, nyepesi, ya futi 4 kwa 8. Forex ni jina la chapa moja ya Ulaya, lakini kwa mafundi wengi limekuwa jina la bodi yoyote ya PVC iliyotiwa povu. Ndiyo hiyo inayobandikwa picha za matangazo na majina ya ofisi. Hapa tunaipima kwa kazi nyingine: kujenga ndani ya kituo cha anga kwa ajili ya tamthilia ya televisheni, mahali ambapo kamera itasogea hadi nusu mita kutoka ukutani na mtazamaji hatakiwi kuona bango.

Uamuzi wetu tunautoa mapema. Kwa kuvisha kuta, hatujui bodi nyingine ya bei ya kawaida inayoishinda. Kwa sakafu haifai kabisa. Karibu na taa inafaa kwa sharti moja, na sharti hilo ndilo linalopuuzwa kuliko yote.

Ukuta ambao si ukuta

Kosa kubwa la seti nyingi hufanyika kabla bodi haijanunuliwa. Mbunifu anachora ukuta, kisha anaanza kuupamba. Kwenye Kituo cha Kimataifa cha Anga za Juu hakuna ukuta wa namna hiyo. Maabara ya Destiny, iliyopelekwa na Marekani mwaka 2001, kwa nje ni mtungi wenye urefu wa mita 8.5 na kipenyo cha mita 4.3. Lakini aliye ndani haoni duara. Anaona korido ya mraba, kwa sababu makabati ya vifaa yamepangwa pande zote nne, kushoto, kulia, juu na chini, 6 kila upande. Kabati moja lina kimo cha karibu mita 2 na upana wa mita 1.05. Kwenye pembe nne ambako safu za makabati zinakutana ndiko zinakopita nyaya, mabomba na njia za hewa. Na kabati linaweza kufunguliwa na kuinamishwa mbele ili mtu aufikie mwili wa chombo ulio nyuma yake.

Ukishalielewa hilo, bodi inakuwa mshirika wako. Karatasi nzima ya bodi ina mita 1.22 kwa 2.44. Kata uso wa kabati wa mita 1.05 kwa 2, utabaki na ukanda wa sentimita 17 wenye urefu wa bodi nzima, pamoja na kipande cha sentimita 44 kwa mita 1.05. Ule ukanda unakuwa kifuniko cha mfereji wa nyaya kwenye pembe. Kile kipande kinakatwa droo, vifuniko na matundu ya hewa ya kubandika juu ya uso wa kabati. Bodi inaisha karibu yote.

Uso huo mmoja, ukiwa wa milimita 5, una uzito wa kilo 5 na robo hivi. Mtu mmoja anautoa na kuurudisha peke yake. Hii ni faida kubwa kwa televisheni kuliko uzuri wowote, kwa sababu korido ya upana wa mita 2 haina nafasi ya kamera, taa na watu wa sauti. Lazima ukuta utoke. Njia inayofanya kazi ni kupasua ubao kwa mshazari wa nyuzi 45 ili upate fito mbili: moja inapigwa kwenye kiunzi, ncha kali ikitazama juu, nyingine nyuma ya paneli, ncha ikitazama chini. Paneli inaning'inia kwa uzito wake yenyewe, na sehemu ya chini inashikwa na vipande viwili vya velkro. Kuitoa ni suala la kuinua tu. Paneli zikipigwa skrubu moja kwa moja kwenye kiunzi, kila badiliko la pembe ya kamera litakula muda wa watu 20 wanaosubiri.

Dukani

Uzito ndio mwamuzi wa kwanza. Bodi ya PVC inayostahili jina ina kilo 500 hivi kwa kila mita ya ujazo, au zaidi kidogo, kwa hiyo karatasi nzima ya milimita 5 inatakiwa kukaribia kilo 7 na nusu. Mizani ikisoma kilo 5 na kitu, ama unene si ule ulioandikwa, ama povu ni jepesi mno. Bodi ya namna hiyo hubonyea kwa kidole, skrubu hazishiki, na ikipigwa rangi ya kung'aa kidogo inaonyesha mabonde yote. Nenda na kalipa, upime unene kwenye pembe zote nne. Ukikuta tofauti ya nusu milimita, mistari ya paneli haitakutana, na taa ya pembeni itaitangaza hiyo tofauti kwenye kila picha.

Bonyeza ukucha juu ya uso. Kuna bodi zenye ngozi ngumu inayong'aa, zilizotengenezwa kwa njia inayoitwa Celuka, ambapo povu huvimba kuelekea ndani na uso hupozwa mapema ukawa mgumu. Nyingine povu lake limeachwa livimbe kwa uhuru, na uso wake ni mkavu, usio na mng'ao. Kwa paneli za ukutani tunapendelea hizi kavu, kwa kuwa zinapokea rangi vizuri na zinakunjika bila kupasuka. Kwa fremu ya mlango, inayogongwa na mabega na troli ya kamera siku nzima, chukua ngozi ngumu ya milimita 10.

Jihadhari na jina. Baadhi ya maduka huita "foam board" vitu viwili tofauti kabisa. Kuna hii ya PVC, na kuna ile yenye karatasi juu na chini na povu la polistireni katikati. Ile ya karatasi ni nzuri kwa kutengeneza kielelezo cha mezani. Ukiipulizia rangi ya kopo kwenye ukingo, kimiminika cha rangi kinalila povu na kuacha pango. Tazama ukingo kabla ya kulipa: ukiona tabaka tatu, si yenyewe.

Kukata, kukunja, kuunga

Bodi ya milimita 3 inakatwa kwa kisu cha kukatia na rula ya chuma, mara mbili au tatu kwenye mstari uleule. Ya milimita 5 inakatwa hadi nusu ya unene, kisha inavunjwa kwenye ukingo wa meza. Ya milimita 10 inataka msumeno wenye meno madogo, na usiulazimishe. Msumeno ukikaa mahali pamoja plastiki inayeyuka na kuganda nyuma ya meno, na mkato unatoka na ndevu.

Usiipeleke kwenye mashine ya leza. PVC ikiungua hutoa gesi ya haidrojeni kloridi, ambayo ikikutana na unyevu ni asidi. Inadhuru mapafu na inakula vyuma na vioo vya mashine yenyewe. Fundi wa leza anayekubali kukata PVC ama hajui alichopokea, ama mashine si yake. Kwa maumbo ya duara na matundu mengi tafuta mashine ya CNC, inayoongozwa na kompyuta, yenye kisu kinachozunguka. Kwa sababu hiyohiyo usichome mabaki, hata kidogo, hata nje.

Pembe kali ndiyo inayoiumbua seti. Ndani ya chombo halisi watu wanaelea na kujigonga, hivyo kingo huviringwa. Ili kuikunja bodi, chonga mfereji wa umbo la V upande wa nyuma, ukiacha milimita 1 hivi ya ngozi ya mbele, pasha kwa mashine ya hewa moto huku ukiitembeza bila kusimama, kunja, kisha shikilia hadi ipoe kabisa. Ukiachia mapema itarudi nusu ya ulichokunja. Kwa tao refu, la dari au la fremu ya mlango, tumia tabaka mbili za milimita 3 zilizogandishwa pamoja huku viungo vikipishana. Tao la tabaka moja hujipinda.

Kuhusu gundi, mafundi hubishana sana, ila plastiki yenyewe inajibu. Gundi ya mabomba ya PVC huyeyusha nyuso mbili na kuzifanya moja. Ni imara kuliko zote, lakini ni kali mno kwa bodi ya milimita 3, na tone likidondokea uso wa mbele linaacha kovu ambalo msasa hauliondoi. Itumie kwa mbavu za nyuma. Kwa vipande vidogo vya mapambo, supaglu inatosha na inashika ndani ya sekunde chache. Kwa tabaka mbili pana, tumia gundi ya kontakti: paka pande zote mbili, subiri isishike kidole, ndipo ukutanishe, na ukutanishe mara moja tu kwa kuwa haina kurudi. Gundi ya moto ya bastola tunaikataa kwenye bodi nyembamba. Joto lake linabonyeza uso, na kesho yake kipande kimebanduka.

Ukingo uliokatwa una vitundu vya povu, na hivyo vitundu ndivyo vinavyoifanya seti ionekane kama kibanda cha maonyesho. Paka puti nyepesi au tabaka mbili za praima ya maji kwenye ukingo, acha ikauke, piga msasa namba 240, rudia. Ni kazi ya kuchosha, na haina mbadala wa maana isipokuwa mmoja: kata kingo za paneli kwa mshazari wa nyuzi 45 kuelekea nyuma, ili kamera isiuone ukingo wenyewe.

Mwanya

Plastiki hii hutanuka kwa joto kuliko mbao na kuliko chuma. Hesabu ya kawaida ni milimita 0.06 kwa kila mita, kwa kila nyuzijoto moja. Paneli ya mita 2 iliyofungwa asubuhi kwenye nyuzijoto 24, kisha ghala la mabati likafika 44 mchana na taa zikiwaka, imeongezeka milimita 2.4. Kama paneli zimekutana bega kwa bega, hakuna pa kwenda. Zinavimba katikati kama tumbo, na picha za mchana haziungani na za asubuhi.

Acha mwanya wa milimita 4 kati ya paneli na paneli, kila mahali, uleule. Tengeneza vipande vya kupimia vya unene huo na usipime kwa jicho. Nyuma ya mwanya paka kiunzi rangi nyeusi isiyong'aa. Mwanya huo unaokoa bodi, na papo hapo ndio unaoifanya seti iaminike, kwa kuwa mstari mwembamba mweusi, ulionyooka, unaojirudia kila mita 1.05 unamwambia mtazamaji kwamba kila uso unafunguka na nyuma yake kuna kitu. Ndiyo maana tunaipenda bodi hii kwa kazi hii. Inachohitaji ili isiharibike ndicho kinachohitajika machoni.

Mahali pa skrubu, toboa tundu lililo kubwa kuliko skrubu kwa milimita 2, weka washa, kaza hadi iguse tu. Skrubu iliyokazwa sana huzama kwenye povu na kuacha shimo. Nyuma ya paneli ya milimita 5 weka mbavu kila sentimita 45, la sivyo itapiga kama ngoma kila mwigizaji anapoigusa. Fundi wa sauti atakushukuru.

Taa na lile sharti

PVC huanza kulainika karibu na nyuzijoto 80, na kwa matumizi ya kudumu hatutaki izidi 60. Utepe wa LED wa wati 14.4 kwa mita, ukibandikwa moja kwa moja juu ya bodi, hauna pa kutupia joto, maana povu ni kizuizi kizuri cha joto. Gundi ya utepe inaachia kwanza, kisha bodi inajikunja polepole kuelekea taa, na LED zenyewe zinafupisha maisha yake. Sharti ni hili: kila utepe ukae ndani ya mfereji wa alumini, na kati ya alumini na bodi kuwe na nafasi ya hewa ya sentimita 1 au zaidi, juu ikiwa wazi ili joto litoke. Kubandika utepe juu ya gundi ya pande mbili na kuuita "umekaa" hakutoshi.

Mwanga nao una tabia yake. Bodi nyeupe ya milimita 3 hupitisha mwanga. Ukiweka taa nyuma yake ili mwanga utoke kwenye mwanya, uso mzima unapata wingu la mwanga na siri inafichuka. Bandika utepe wa karatasi ya alumini nyuma, au paka rangi nyeusi kabla ya kupanga taa.

Chagua utepe wa volti 24 badala ya 12. Mita 5 za wati 14.4 ni wati 72. Kwenye volti 12 hizo ni ampea 6, kwenye 24 ni ampea 3. Kadiri ampea zinavyokuwa nyingi, ndivyo volti zinavyopotea njiani, na mwisho wa utepe unafifia na kubadilika rangi. Hata kwa volti 24, ulishe kutoka ncha zote mbili ukizidi mita 5. Kifaa cha kuulisha utepe umeme kisibebeshwe zaidi ya asilimia 80 ya uwezo wake, kwa hiyo kwa wati 72 nunua cha wati 100. Kipimo cha CRI, kinachoonyesha taa inavyofichua rangi kwa uaminifu, kiwe 90 kwenda juu, 95 ikiwezekana. Chini ya hapo ngozi nyeusi na za kahawia hupoteza wekundu wake na kuonekana kama majivu, na hakuna marekebisho ya rangi baadaye yanayoirudisha yote.

Dima za bei nafuu hupunguza mwanga kwa kuwasha na kuzima taa haraka. Jicho halioni, kamera inaona, na picha inajaa mistari inayopanda. Usitumie dima kama huna uhakika nayo. Punguza mwanga kwa kuongeza tabaka la karatasi ya kuchuja, au kwa kuzima utepe mmoja kati ya miwili. Kwenye nchi zenye umeme wa hezi 50, kama Tanzania na Kenya, piga kwa fremu 25 kwa sekunde na shata (muda ambao kila fremu hupokea mwanga) ya 1/50 ya sekunde. Anayelazimika kutumia fremu 24 aweke shata kwenye nyuzi 172.8, ambazo ni muda uleule. Na kabla ya siku ya kazi, washa kila taa na uitazame kupitia kamera itakayotumika, kwa shata itakayotumika.

Nukta za LED zisionekane. Utepe wenye LED 60 kwa mita una nafasi ya milimita 16.7 kati ya nukta na nukta, hivyo kichujio cheupe kikae sentimita 2 hadi 3 mbele yake. Wenye LED 120 unaridhika na nusu ya hapo. Ule ambao chembe zake zimefunikwa kwa mstari mmoja mfululizo hauna shida hii.

Kuhusu rangi ya mwanga, kuna mfano halisi wa kuufuata. Tangu mwaka 2016 taa za fluoresenti za Kituo cha Kimataifa zilianza kubadilishwa kwa taa za LED zenye hali tatu: kelvini 4500 kwa kazi za kawaida, 6500 ya kuamsha mwili, na 2700 kabla ya kulala. Andika hadithi yako kwa hali hizo. Korido ileile ikiwa na 4500 mchana na 2700 usiku wa wafanyakazi inakuwa mahali pawili kwa gharama ya swichi, na inaaminika kuliko taa za buluu na zambarau zilizojazwa kila kona.

Skrini

Skrini nyingi za seti hazihitaji kuwa skrini. Michael Okuda, aliyesanifu paneli za tamthilia ya Marekani ya Star Trek: The Next Generation kuanzia mwaka 1987, alitumia michoro ya rangi iliyowashwa kwa nyuma, na paneli hizo zikabeba chombo kizima kwa gharama ndogo. Fundi mabango wa leo anachapa mchoro huo kwenye filamu ya kupitisha mwanga. Weka karatasi ya akriliki ya kijivu ya milimita 3 mbele, filamu nyuma yake, kichujio cheupe, kisha LED. Taa ikizimwa, paneli inakuwa nyeusi kama kioo kilicholala. Bodi ya PVC hapa ni fremu tu, na ile ya milimita 10 inatosha kuchongwa kina cha kuipokea akriliki iwe sawa na uso wa kabati.

Usiandike namba zisizo na maana. Kwenye kamera za sasa zinasomeka. Kwenye moduli za Marekani, yaani vyumba vyake kituoni, kila mahali pana anwani: LAB1P4 ni maabara, upande wa kushoto, safu ya 4. Herufi S ni kulia, O ni juu, D ni sakafuni. Tamthilia ya Kiswahili iwe na mfumo wake, kwa mfano K kwa kushoto, L kwa kulia, J kwa juu, C kwa chini, na "MAABARA-1K4" ibandikwe mahali palepale kwenye kila kabati. Mwigizaji akisema "nenda kulia 3", mtazamaji aone L3 iko hapo. Stika za lebo zikatwe kwa vinaili isiyong'aa. Zinazong'aa hurudisha mwanga na kuonekana kama doa jeupe.

Rangi na uchakavu

Bodi ikiachwa nyeupe ilivyo, kamera italazimika kufunga mwanga, na nyuso za waigizaji zitazama gizani. Ipake rangi ya maji yenye weupe uliovunjwa, wa krimu au kijivu cha mbali, baada ya kupiga msasa mwepesi na kufuta kwa spiriti. Usifute kwa thina kali wala asetoni, vitu hivyo hulainisha uso na rangi itashika ikiwa na makunyanzi. Rangi nyeusi kwenye paneli kubwa nayo ina hatari. Paneli nyeusi ikisafirishwa kwenye pikapu juani inaweza kufika imepinda.

Pale ambapo mvutano wa dunia hausikiki, rangi ndiyo inayoamua wapi ni juu. Ndani ya moduli kuu ya Mir, kituo cha anga cha zamani cha Urusi, sakafu ilikuwa ya kijani iliyokoza, kuta za kijani hafifu na dari nyeupe, ili akili ya mtu ipate pa kusimama. Mbinu hiyo haigharimu chochote zaidi ya kopo la pili la rangi.

Uchakavu uwe na sababu. Michirizi ya kutu inayoshuka ukutani ni kosa mara mbili: kuta hizo ni za alumini na plastiki, ambazo hazipati kutu ya kahawia, na pasipo mvutano hakuna kitu kinachochuruzika kwenda chini. Vumbi nalo halitulii juu ya rafu, linaelea hadi kwenye matundu ya kuvuta hewa na kuganda hapo. Kwa hiyo weka utandu wa kijivu kwenye nyavu za hewa, alama za mikono kuzunguka vyuma vya kushikilia, na mikwaruzo kwenye midomo ya milango inayopitishwa mizigo. Kwingine acha safi. Ongeza vitu: mifuko myeupe ya mizigo iliyofungwa kwa mikanda, mraba wa velkro kila mahali, kompyuta za mapajani kwenye mikono ya chuma, nyaya zilizofungwa kwa vibanio. Mikanda na nyaya zishonewe waya mwembamba ndani ili ncha zibaki zimeinuka hewani. Ncha moja ikining'inia imeharibu picha nzima.

Sakafu, na kituo kinachozunguka

Sakafu iwe plaiwudi ya milimita 18 juu ya mbao, na katikati tandika mpira au zulia la zamani. Bodi ya PVC hubonyea chini ya kisigino, na sauti ya uwazi chini ya miguu ni sauti ya jukwaa, hata kama macho yamedanganyika.

Kama kituo cha hadithi kinazunguka ili kupata mvutano, watu hudhani lazima sakafu ipinde. Fanya hesabu kwanza. Kwa mizunguko 2 kwa dakika, mvutano kama wa dunia unapatikana kwenye nusu kipenyo cha mita 224. Kwenye duara hilo, korido ya mita 6 inajipinda sentimita 2 tu katikati, kamera haitauona. Korido ya mita 20 inajipinda sentimita 22, hiyo inaonekana, na ndipo gharama ya sakafu ya tao inapohalalika.

Ikilinganishwa na nyingine

MDF (bodi ya unga wa mbao ulioshindiliwa) ya milimita 12 ina uso mzuri kuliko forex na inachongwa vizuri, ila karatasi moja ina kilo 26 hivi, hunyonya unyevu kwenye kingo na kuvimba, jambo linaloumiza zaidi kwenye hewa ya pwani, na vumbi lake linataka barakoa ya kweli. Bodi za alumini zenye plastiki katikati, zile za kuvisha majengo, zinanyooka kabisa na zinakunjika kwa mfereji wa V. Kwa mlango mkuu na meza ya udhibiti tungezichagua hizo. Uzito wake ni mara mbili ya forex na bei iko juu, na ukingo wake unakata mkono. Jipsamu inafaa kwa nyumba. Maumbo yenye kina, kama kiti au mabonde ya paneli, yanahitaji plastiki ya kufinyangwa kwa joto na kunyonywa hewa. Kwa kina hicho forex si chaguo letu.

Kwa korido ya karibu mita 6, yenye makabati 5 kila upande na nguzo za sentimita 10 kati yake, agiza karatasi 15 za milimita 5 kwa kuta mbili na dari, 4 za milimita 3 kwa tabaka za juu na matao, na 3 za milimita 10 kwa fremu za milango na skrini. Ongeza 2 za milimita 5 kwa zitakazoharibika, maana zitaharibika. Kiunzi ni cha mbao za inchi mbili kwa mbili zilizokauka. Paneli za dari ziwe nyepesi kuliko zote na zitoke zote, kwa ajili ya taa na pia kwa ajili ya usalama: korido iliyofungwa pande zote inahitaji njia mbili za kutoka zisizozibwa na vifaa, na mtungi wa kuzimia moto kila mwisho.

Zikiletwa, zilaze. Bodi iliyoegemezwa ukutani kwa wiki moja hupata upinde, na upinde huo hauondoki hata ukiipigia mbavu. Ilaze juu ya sakafu tambarare, karatasi ya kinga ikiwa bado juu yake, na uibandue tu siku ya kupaka rangi.